Ala Moja, Mikono ya Watu Wawili: Safari za Wapigaji wa Ikulu ya Mengo Kabla na Baada ya 1966

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya wapigaji wa muziki wa ikulu ya Buganda iliyokuwa Mengo, Kampala, kwa kufuata safari zao: kutoka vijijini kwenda ikulu kwa zamu, kutoka ikulu kwenda jumba la makumbusho, na hatimaye kutoka Uganda kwenda ng'ambo. Hoja kuu ni kwamba muziki huo ulihifadhiwa na wapigaji wawiliwawili waliozoeana. Haukuwa mali ya mpigaji mmoja mmoja wala haukutegemea kundi kubwa pekee. Shambulio la Mei 1966 liliiteketeza ikulu na kuwatawanya wapigaji, na kilichonusurika baada ya hapo kilinusurika mahali ambapo mpigaji mmoja alimpata mwenzake, hata kama mwenzake huyo alikuwa mgeni. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha maana ya historia hii kwa sera za urithi wa utamaduni na usafiri wa wasanii katika Afrika Mashariki.

Istilahi muhimu: Mengo, amadinda, zamu, ziara, urithi wa utamaduni usioshikika

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa Afrika Mashariki imeandikwa mara nyingi kama historia ya mitindo au ya nyota. Taarab huelezwa kupitia Siti binti Saad na safari yake ya kurekodi Bombay mwaka 1928. Gitaa la Katanga huelezwa kupitia Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 na kufika Nairobi mwaka 1959. Mtazamo huu una faida yake. Hata hivyo, unaficha jambo ambalo kila msanii wa safari analijua: muziki husafiri pamoja na watu wanaoweza kupiga pamoja, na usafiri huo una gharama, taratibu na hatari zake.

Mengo inatoa mfano ulio wazi wa jambo hili. Tangu Kabaka Mwanga alipojenga ikulu yake katika kilima hicho katika miaka ya 1880, Mengo ilikuwa kitovu cha barabara zilizoenea kuelekea pande zote za Buganda. Katika barabara hizo walipita machifu, walipa kodi, wamisionari na askari. Walipita pia wapigaji. Makala haya yanauliza maswali matatu. Ni mpangilio gani uliowawezesha wapigaji kuishi kwa kusafiri? Ulivunjikaje? Na ni nini kilichobaki baada ya kuvunjika kwake?

2.0 Barabara za kuelekea ikulu

Katika enzi za Kabaka Daudi Chwa, aliyetawala kuanzia 1897 hadi 1939, na za mwanawe Edward Mutesa II, ikulu ya Mengo ilikuwa na makundi kadhaa ya wapigaji, kila kundi likiwa na ala zake na kazi yake. Ngoma za kifalme ziitwazo mujaguzo zilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Entenga lilikuwa kundi la ngoma 15: 12 zilizopangwa kwa sauti za nyimbo na tatu za kuzisindikiza, na lilihitaji wapigaji sita. Amakondere yalikuwa baragumu za vibuyu. Abalere walikuwa wapiga filimbi za endere. Mpiga ennanga, yaani kinubi cha nyuzi nane, aliimba mbele ya Kabaka mwenyewe. Miongoni mwa waliojulikana sana katika karne ya 20 alikuwa Temutewo Mukasa, ambaye sauti yake imebaki katika rekodi zilizofanywa na Tracey.

Wengi wa wapigaji hawa hawakuishi Mengo mwaka mzima. Walikuwa wakulima wenye migomba na familia vijijini, na walifika ikulu kwa zamu. Baadhi ya vijiji vilihusishwa na ala fulani kizazi hata kizazi. Kinachotajwa zaidi ni Kidinda, katika eneo la Butambala, ambacho watu wake walijulikana kwa akadinda, marimba makubwa ya ikulu. Utumishi wa muziki ulifungamana na haki ya kukaa na kulima ardhi: aliyepiga vizuri alikuwa na mahali pa kurudi, na aliyekuwa na mahali pa kurudi aliweza kuendelea kupiga.

Kwa lugha ya leo, huu ulikuwa mfumo wa kugharimia sanaa. Haukutegemea mshahara wa kila mwezi wala kiingilio mlangoni. Ulitegemea ardhi, ukoo na zamu. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba mafunzo yalifanyika nyumbani. Mtoto wa Kidinda aliyakuta marimba yakipigwa kijijini, akajifunza akiwa ameketi mkabala na baba au mjomba, na alipofika Mengo alikuwa tayari na mwenzake wa kupiga naye. Udhaifu wake ulikuwa kwamba kila kitu kilielekea mahali pamoja. Ikulu ikitikisika, zamu nayo ilikosa pa kwenda.

3.0 Ala inayodai watu wawili

Ili kuelewa uzito wa hoja hii, ni lazima kueleza kwa ufupi jinsi marimba ya amadinda yanavyopigwa. Ala hii ina vibao 12, kwa kawaida vya mti wa lusambya, vinavyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, vibao vikiwa kati yao. Wa kwanza, omunazi, huanza kupiga mfululizo wa sauti kwa mwendo ulio sawa. Wa pili, omwawuzi, huingiza mfululizo wake katika nafasi zilizoachwa na mwenzake, sauti yake moja kati ya kila sauti mbili za yule wa kwanza. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, husikiliza sauti zinazojitokeza katika vibao viwili vya chini kabisa, kisha huzirudia katika vibao viwili vya juu kabisa.

Matokeo yake ni kwamba wimbo anaousikia msikilizaji haupigwi na mtu yeyote peke yake. Unazaliwa kati ya mikono ya wawili. Mpigaji akiondoka na nusu yake, anaondoka na mfululizo wa sauti usioeleweka. Msikilizaji mgeni hawezi kuutambua wimbo ndani yake. Hali ni hiyo hiyo katika akadinda na entenga, ingawa idadi ya wapigaji ni kubwa zaidi.

Sifa hii ina matokeo mawili ya kihistoria. Kwanza, kwa upande wa mzigo, amadinda ni ala ya safari. Vibao hufungwa pamoja na kubebwa, na vigogo huachwa, kwa kuwa mgomba mwingine utapatikana mahali popote pa kufikia katika Buganda. Pili, kwa upande wa watu, ni ala isiyosafiri na mtu mmoja. Mpiga zeze la endingidi anaweza kwenda peke yake arusini na akarudi na malipo yake. Mpiga amadinda aliyempoteza mwenzake ameipoteza kazi yake, hata kama vibao vyote 12 viko salama darini.

4.0 Jumba la makumbusho na mwenzi kutoka mbali

Katika miaka ya 1940 na 1950 wapigaji wa Mengo walipata kituo cha pili cha kazi. Klaus Wachsmann, msomi aliyekimbia utawala wa Wanazi wa Ujerumani, alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957. Alizunguka nchi nzima akirekodi muziki, na aliamini kwamba ala iliyowekwa kabatini bila mpigaji imehifadhiwa nusu tu. Kwa sababu hiyo jumba hilo liliajiri wapigaji walioonyesha ala zikiwa hai. Aliyejulikana zaidi kati yao alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu aliyemudu ala nyingi.

Muyinda anastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu mbili. Kwanza, alikusanya ala ambazo ikulu ilizitenga katika makundi mbalimbali, yaani filimbi, zeze, kinubi, marimba na ngoma, akaziweka katika bendi moja iliyoweza kusimama mbele ya hadhira mchanganyiko. Wapo wanaoweza kuliona jambo hilo kama uvunjaji wa utaratibu wa ikulu. Kwa mtazamo wa historia ya safari, lilikuwa jibu la kiutendaji: mpigaji aliyetoka nje ya ikulu hakuweza kubeba makundi matano, ila aliweza kubeba watu wachache wenye ala mchanganyiko. Muundo huo ndio uliokuja kuzoeleka katika vikundi vingi vya utamaduni nchini Uganda.

Pili, Muyinda alikubali kumfundisha mgeni kwa njia ya wenyeji. Gerhard Kubik, kijana kutoka Austria, alifika Kampala mwishoni mwa 1959 na kuketi mkabala na Muyinda kama mwanafunzi. Hakuandika kwa kusikiliza tu. Alijifunza nusu moja, kisha nusu ya pili. Mwaka 1960 alichapisha uchambuzi wa muundo wa muziki wa marimba ya Buganda, akieleza jinsi sikio linavyotunga nyimbo ambazo hakuna mkono mmoja uliozipiga. Uchambuzi huo ulisomwa mbali na Kampala; mtunzi György Ligeti ni miongoni mwa waliokiri kuathiriwa na maandishi ya Kubik. Kilichoenea duniani kama nadharia kilianza kama uhusiano wa wapigaji wawili walioketi wakitazamana.

5.0 Mei 1966 na kutawanyika

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote liliishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa II alitoroka na kwenda uhamishoni Uingereza, alikofariki London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote za Uganda, na eneo la ikulu, Lubiri, likageuzwa kambi ya jeshi.

Kwa wapigaji, hasara ilikuwa ya ngazi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya vitu: ala za ikulu ziliharibiwa au kupotea katika moto na uporaji. Ya pili ilikuwa ya usalama: kujulikana kama mpigaji wa Kabaka kuligeuka kutoka heshima kuwa hatari, na wengi walirudi vijijini wakanyamaza. Ya tatu, ambayo haionekani kwa urahisi katika kumbukumbu za serikali, ilikuwa ya wenza. Zamu ilipokoma, watu waliozoea kukutana Mengo kutoka pande mbalimbali hawakuwa tena na sababu ya kukutana. Kila mmoja alibaki na sehemu yake.

Tofauti kati ya ala inathibitisha hoja hii. Muziki uliohitaji mtu mmoja au wawili, kama endingidi, endere na amadinda, uliendelea katika arusi, shuleni na katika vikundi vya ngoma. Entenga, iliyohitaji watu sita na seti kamili ya ngoma za ikulu, ilinyamaza kwa karibu nusu karne. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipoanza kuifufua katika muongo wa 2010, alimtegemea mzee aliyewahi kuipiga ikuluni, Musisi Mukalazi, ambaye ilibidi awafundishe vijana sehemu zote moja baada ya nyingine. Kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja ilitosha ni bahati ambayo sera haiwezi kuitegemea.

6.0 Ng'ambo: ziara bila mgomba

Baada ya uhuru serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, Heartbeat of Africa, kilichosafiri nchi nyingi kikiwakilisha Uganda nzima. Kikundi hicho kiliwapa wasanii mshahara na pasipoti. Hata hivyo jukwaa la taifa lilidai vipande vifupi vyenye miondoko inayovutia macho, na lilipaswa kugawa muda kati ya makabila mengi. Nyimbo ndefu za ikulu, zinazohitaji dakika kadhaa kabla sikio halijazizoea, hazikupata nafasi kubwa.

Njia nyingine ilikuwa nyembamba zaidi, lakini yenye kina. Albert Ssempeke, mpiga filimbi aliyeitumikia ikulu ya Mutesa II na baadaye kufanya kazi katika Jumba la Makumbusho, alishirikiana kwa miaka mingi na Peter Cooke, Mwingereza aliyefundisha muziki Kampala katika miaka ya 1960 na baadaye katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Katika miaka ya 1980 Ssempeke alialikwa Edinburgh kama mpigaji mkazi. Huko alifundisha, alirekodi na kupiga mbele ya hadhira ambayo haikuwahi kusikia muziki wa aina hiyo.

Mazingira ya ziara ya namna hiyo yanastahili kuelezwa bila kuyapamba. Scotland hakuna mgomba. Vibao vya amadinda vilihitaji kulazwa juu ya kitu kingine, na sauti ya marimba hubadilika pale kitu kinachoyabeba kinapobadilika. Hadhira ilikaa kimya ikisubiri mwisho wa wimbo, ilhali nyimbo za Kiganda zina maneno na dokezo ambalo msikilizaji wa Mengo angelijibu kwa kicheko au kwa neno. Zaidi ya yote, mwenzi wa kupiga naye hakuwepo hadi afundishwe. Ziara ya mpigaji mmoja hivyo iligeuka shule: ili apige nusu yake, ilimlazimu kwanza awape wengine nusu ya pili. Hapo ndipo ilipo faida ambayo jukwaa kubwa halikuweza kuitoa. Kikundi cha taifa kiliondoka kila mji kikiacha makofi. Mpigaji mkazi aliacha watu wanaoweza kupiga.

Wakati huo huo, suala la nani ananufaika haliwezi kuepukwa. Rekodi nyingi, maandishi na heshima ya kitaaluma vilibaki katika taasisi za Ulaya. Sehemu ya deni hilo imeanza kulipwa: nakala za rekodi za Wachsmann zimerejeshwa Makerere kwa juhudi za Sylvia Nannyonga-Tamusuza, na kumbukumbu hiyo sasa inabeba jina la Wachsmann. Lakini nakala ya sauti humrudishia msikilizaji wimbo uliokamilika, haimrudishii mpigaji nusu yake. Ili kuutenganisha wimbo katika sehemu zake, bado anahitajika mtu anayezijua.

7.0 Gitaa moja na barabara kuu

Historia ya safari kutoka Mengo haikuishia kwa wapigaji wa ikulu. Tangu miaka ya 1950 ulikua mtindo wa kadongo kamu, jina lenye maana ya ala ndogo moja, ambapo mwimbaji mwenye gitaa husimulia visa virefu kwa Kiganda. Elly Wamala na Christopher Ssebadduka ni miongoni mwa waasisi wake. Herman Basudde na Paul Kafeero waliupeleka kila kona ya Buganda. Usimulizi, mafumbo na utani wa mtindo huu una undugu wa karibu na uimbaji wa ennanga na endongo.

Mfumo wa kugharimia safari, hata hivyo, ulikuwa tofauti kabisa. Mwimbaji wa kadongo kamu hakuwa na zamu wala ardhi ya utumishi. Alitegemea kiingilio, kaseti na mialiko, na ili apate riziki alipaswa kufika leo mji huu, kesho mji ule, mara nyingi usiku, katika magari ya kukodi. Basudde alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1997. Mwenda Jean Bosco alikuwa amefariki vivyo hivyo nchini Zambia mwaka 1990. Vifo hivi huombolezwa kama misiba binafsi. Vinapowekwa pamoja, vinaonyesha pia hali ya kazi: msanii anayelipwa kwa kila onyesho hulazimika kukaa barabarani kuliko mfanyakazi wa kawaida, bila bima na bila mwajiri wa kuwajibika.

8.0 Maana yake kwa sera

Ufalme wa Buganda ulirejeshwa mwaka 1993, na Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa tarehe 31 Julai mwaka huo. Kurejeshwa kwa kiti hakukurejesha mfumo wa zamu. Uhusiano wa ardhi na utumishi ulikuwa umevunjika. Uganda iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009, na baragumu za bigwala za Busoga ziliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Hatua hizi ni muhimu. Historia iliyoelezwa hapa inaongeza mambo manne.

Kwanza, kitengo cha kulinda kiwe jozi ya wapigaji, si mzee mmoja. Posho inayompa heshima mpigaji mmoja bila kumlipa anayeketi mkabala naye inahifadhi nusu ya wimbo. Gharama ya mtu wa pili ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kufufua kilichonyamaza kwa miaka 50.

Pili, ziara zipimwe kwa kile zinachoacha. Tamasha la Utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililoanza Kigali mwaka 2013 na kufanyika Dar es Salaam mwaka 2019, limewakutanisha wasanii wengi kwa siku chache. Kando ya tamasha, ukaazi wa wiki kadhaa wa wapigaji wawili katika chuo au shule ya nchi jirani ungeleta mafunzo ambayo onyesho la dakika 10 haliwezi kuyaleta.

Tatu, mipaka iangaliwe kwa macho ya anayebeba ala. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazungumzia uhuru wa watu, huduma na ajira. Mpigaji endongo ana tatizo jingine: ngozi ya ala yake kwa desturi ni ya kenge, na kenge wote wako chini ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Anayeondoka nayo Afrika Mashariki bila hati anaweza kunyang'anywa ala yake mpakani. Utaratibu mwepesi wa hati za ala za muziki, unaotolewa pamoja na barua ya mwaliko, ungeondoa hofu hiyo.

Nne, rekodi zinazorejeshwa ziambatanishwe na wafundishaji. Kila mkusanyiko unaorudi kutoka Ulaya uwe na bajeti ya kuwalipa wapigaji waliopo ili wazitenganishe sehemu za nyimbo na kuwafundisha vijana wawiliwawili.

9.0 Hitimisho

Barabara ya Kabakanjagala bado inaunganisha Bulange na Lubiri, na miti iliyopandwa kandokando yake ni ya koo za Buganda. Wapigaji waliokuwa wakifika huko kwa zamu hawakuwa mapambo ya ikulu. Walikuwa wafanyakazi waliotoka mashambani, wakafanya kazi yao na kurudi. Mfumo uliowawezesha ulikuwa na dosari ya kutegemea kiti kimoja, na kiti hicho kilipoanguka wengi walianguka nacho. Walionusurika walifanya hivyo kwa kupata mwenzi mpya: Muyinda kwa mwanafunzi kutoka Austria, Ssempeke kwa rafiki wa Edinburgh na kwa mwanawe mwenye jina lile lile, ambaye anaendelea kupiga na kusafiri hadi leo. Jambo hilo linaeleza wajibu wa watunga sera kwa lugha nyepesi. Swali la kuuliza kuhusu kila ala iliyo hatarini si tu nani anayeijua, bali ni nani anayeketi mkabala naye.